Hablo au estoy hablando: wakati uliopo katika Kihispania

Kihispania kina njia mbili kuu za kueleza wakati uliopo: umbo sahili, kama hablo, yaani nasema, na umbo la kuendelea, estoy hablando, yaani niko katika kusema, linaloundwa kwa kitenzi estar, kuwa, kikifuatwa na kitenzi chenye kiishio -ando au -iendo. Umbo sahili ndilo lenye kazi nyingi, kwani hubeba mazoea ambayo Kiswahili huyaonyesha kwa hu-, hubeba tendo linaloendelea sasa hivi, na hata jambo la kesho lililokwisha kupangwa, kama katika mañana viajo a Madrid, yaani kesho nasafiri kwenda Madrid. Umbo la pili halifiki huko. Estoy viajando humaanisha kwamba msemaji yumo safarini, au kwamba siku hizi anasafiri mara kwa mara. Simu ikiita wakati wa chakula, estoy comiendo, yaani niko katika kula, huonyesha wazi kwamba tonge liko mdomoni, ilhali como, umbo sahili la kitenzi hichohicho, peke yake huenda ikasikika kama desturi tu. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aanze na umbo sahili, maana ¿qué haces?, yaani unafanya nini, hueleweka barabara hata pale ambapo ¿qué estás haciendo? ingefaa, na kitenzi kama saber, kujua, kwa kawaida hakiendi na estar: husemwa sé, si estoy sabiendo.