Upimaji wa umbo la jicho kwa waliovuka miaka 40: tathmini ya huduma

Kliniki moja ya macho hapa Dar es Salaam huwapa wateja waliovuka miaka 40 huduma ambayo haiishii kwenye ubao wa herufi, bali hupima jicho lenyewe: urefu wake kutoka konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) hadi retina (utando wa nyuma unaopokea mwanga), mpindo na unene wa konea, kina cha chumba cha mbele, yaani nafasi iliyo kati ya konea na lenzi, na unene wa lenzi.

Kazi ya kupima wanaimudu vizuri. Mteja huegemeza kidevu, hukazia macho taa ndogo, na mashine humaliza kwa mwanga bila kugusa jicho, kisha hukabidhiwa karatasi yenye vipimo vya kila jicho peke yake. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa jicho la mtu mzima huwa na urefu wa milimita 24 hivi, la mwanamume kwa kawaida likilizidi kidogo la mwanamke, na tofauti ya milimita moja tu yaweza kubadilisha nguvu ya miwani kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hivi. Jicho langu la kulia lina milimita 24.3 na la kushoto 23.8, sasa naelewa kwa nini miwani ya dukani, yenye nguvu moja pande zote mbili, haikuwahi kunikaa. Karatasi hiyo itamfaa pia daktari atakayepaswa kukokotoa lenzi ya bandia, iwapo mtoto wa jicho atakuja baadaye.

Udhaifu uko kwenye maelezo. Presha ya macho huandikwa ukurasa mwingine, bila kuhusishwa na unene wa konea, ilhali konea nyembamba huifanya presha isomeke chini kuliko ilivyo. Unene wa wastani wa konea ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 540 hivi, na kwa watu wenye asili ya Kiafrika hupungua kidogo. Yangu ni 508. Mhudumu alinijibu tu, "Presha iko sawa, mzee wangu." Ni daktari, niliyeomba kumwona, aliyeziweka kurasa hizo mbili pamoja na kuagiza neva ya jicho, ambayo presha kubwa huweza kuiharibu, ipigwe picha.

Kumwona daktari hulipiwa kando, jambo ambalo halijaandikwa kwenye bango la bei. Huduma naipendekeza, ila kwa atakayelipia na hilo.