Nimeishi mwaka mzima na Ford Explorer ya kipolisi, haya ndo mafuta inayokula

Nianze na aibu yangu. Nilipolinunua hili gari nikajaza fulu tenki, nikazungushia mita ya safari sifuri, nikatembea nalo siku nne, nikarudi kujaza. Zikaingia lita 64. Naangalia dashibodi imeandika 288. Nikagawanya pale pale kwenye simu nikapata kilomita nne na nusu kwa lita, aisee nilikaa kwenye usukani kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Nikampigia jamaa yangu aliyenionya nisinunue gari la polisi, akacheka mpaka akakata simu. Jioni ndo nikashtuka kwamba ile dashibodi inasoma maili, gari limeundwa kwa ajili ya polisi wa Marekani na hakuna aliyeigeuza. 288 maili ni kama kilomita 463, kwa hiyo ilikuwa 7.2 kwa lita. Bado si la kujisifia, ila angalau usingizi ulikuja.

Lenyewe ni Ford Police Interceptor Utility, ile Explorer iliyoanza na modeli ya 2013, injini V6 ya lita 3.7, haina turbo, gia otomatiki sita, inavuta magurudumu yote manne. Uzito unapita tani mbili kabla hujapakia mtu. Kipimo cha EPA, shirika la serikali la mazingira kule Marekani, kinaipa maili 16 kwa galoni mjini, 21 njia kuu, 18 kwa mchanganyiko, yaani kwa lugha yetu 6.8, 8.9 na 7.7 kwa lita. Nimeandika kila nilipojaza kwenye kadaftari kanakokaa kwenye mfuko wa mlango, tenki kumi na mbili za kwanza wastani ulikuwa 7.0. Kwa hiyo hawakudanganya sana, mimi ndo nilitaka muujiza.

Ila wastani unaficha mambo. Safari ndefu, mwendo wa kilomita 95 mpaka 100 kwa saa, mguu mwepesi, nimewahi kupata 9.4 na nikarudia hesabu mara mbili kwa kutoamini. Njia ile ile nikiwa na haraka, 120 kwenda juu, ikashuka 7.8, maana gari lenyewe limesimama kama kabati, upepo unakutana nalo uso kwa uso na ukiongeza mwendo kidogo upinzani unapanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Mjini kwenye foleni ni 5.9, na hapo ndo pesa inapotorokea dirishani.

Sasa foleni yenyewe nikaichunguza, maana nilihisi mla mafuta si mwendo, ni kusimama. Nikajaza mpaka pampu ikakata, nikaenda kulipaki karibu tu na pale, nikaliacha linaunguruma sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, masaa mawili AC imewaka, mimi nimekaa nasikiliza mpira. Nikarudi pampu ile ile, upande ule ule, zikaingia lita 3.4. Sawa, pampu kukata si kipimo cha maabara, lakini lita moja na nusu hadi mbili kwa saa bila kusogea hata hatua! Ukimsubiri mtu nusu saa kila siku na injini inaunguruma, mwisho wa mwezi umechoma mafuta ya safari nzima na hujafika popote.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo aliyeniuzia hakulisema, na mimi sikujua kuuliza. Haya magari yana mita ya pili inayohesabu masaa ambayo injini imewaka gari limesimama, maana polisi anaweza kukaa zamu nzima pembeni ya barabara, redio na taa vinataka umeme, injini haizimwi. Ford wenyewe wanasema saa moja ya kuunguruma ihesabu kama maili 33 za kutembea. Langu lilikuwa na maili 98,400 kwenye mita ya kawaida, nikasema bado kijana. Kubonyeza bonyeza vitufe vya usukani nikakuta masaa 2,900 ya kusimama. Zidisha kwa 33 ni maili 95,700 nyingine. Yaani nimenunua injini yenye uzee mara mbili ya nilivyodhani. Unapoenda kuliona gari la hivi omba uoneshwe hiyo namba kabla hata hujafungua boneti, rangi achana nayo.

Injini iliyokaa sana sailensa inajichafua, basi fundi akabadilisha plagi zote sita na filta ya hewa iliyokuwa nyeusi kama kifuu kilichoungua. Gari likawa laini ila mafuta hayakubadilika kivile. Kilichobadilisha nilikigundua kwa bahati. Nimetoka safari, nikapita nikiweka mgongo wa mkono karibu na kila rimu, tatu zina uvuguvugu, ya nyuma kushoto nikaurudisha mkono haraka. Breki ilikuwa imeganda, zile pini ambazo breki inateleza juu yake ili iachie gurudumu zimeshika kutu, kwa hiyo muda wote huo nilikuwa naendesha huku gari limejishika lenyewe. Zikasafishwa zikapakwa grisi, tairi nikazijaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema (mbili zilikuwa chini vibaya), na lile lichuma la kusukumia magari pale mbele nikaling'oa, maana mimi simsukumi mtu. Baada ya hapo tenki sita mfululizo hazijashuka chini ya 7.3.

Kama mfuko unaruhusu tafuta modeli ya 2020 kuja juu yenye haibridi (injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme), EPA inaipa maili 24 kwa galoni, kama 10.2 kwa lita, na faida yake kubwa iko palepale kwenye kusimama, betri inabeba umeme wa gari injini ikiwa imezima. Mimi mfuko haukuruhusu. Kwa gari lenye nguvu hizi, linalokaa barabarani kama limepigwa misumari, na linalokunywa petroli ya kawaida tu bila kuringa, 7 na kidogo nimekubali yaishe. Ila kwa mtu wa safari fupi fupi za mjini peke yake, asilisogelee.

Kero iliyobaki ni milango ya nyuma, haifunguki kwa ndani, ilitengenezewa watuhumiwa. Mama mkwe alipanda siku moja, tumefika, akahangaika na mlango kimya kimya mpaka akauliza, "Baba, nimekosa nini?" Kila abiria wa nyuma lazima nishuke nizunguke nimfungulie, na zamani nilikuwa nashuka injini inaunguruma, salamu mbili tatu, dakika kumi hizo zimeenda. Siku hizi nazima kwanza ndo nashuka. Tenki la juzi limetoa 7.6, na ndani yake kulikuwa na siku mbili za foleni.