Saa Kumi na Nne Doha: Uchambuzi wa Uwanja wa Ndege wa Hamad kwa Msafiri Atokaye Lamu

Assalamu alaikum, watazamaji wangu, na karibuni. Leo ninazungumza nanyi nikiwa nyumbani Lamu, mtaa wa Mkomani, na bidhaa ninayoichambua si simu wala jiko, bali ni kitu ambacho wengi wetu hukilipia bila kukitazama: zile saa za kungojea ndege ya pili. Sisi wa hapa hatuna safari ya moja kwa moja kwenda mbali. Tunavuka kwa boti hadi Manda, tunapanda ndege ndogo hadi Nairobi, kisha ndipo safari yenyewe inapoanza, na tikiti iliyo rahisi mara nyingi ndiyo yenye kungoja kurefu zaidi. Basi ninachotaka kukipima ni hiki: ukipewa saa tisa, kumi au kumi na nne katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Hamad, mjini Doha, nchini Qatar, je, unafuu ule wa tikiti ni unafuu kweli?

Nimeupitia uwanja huo mara mbili katika safari moja ya London. Wakati wa kwenda nilikuwa na mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu, na tulingoja muda wa saa tisa, tangu saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Wakati wa kurudi nilikuwa peke yangu, kwa kuwa mama alibaki kwa dada yangu, nami nikangoja saa kumi na nne, mchana kutwa. Ni ngojea mbili zisizofanana hata kidogo, na ndiyo maana sitatoa hukumu moja kwa zote.

Nianze na usiku ule wa mama. Uwanja wa Hamad ulifunguliwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani wa Doha, na ni mkubwa kiasi kwamba ndani yake mna treni ndogo ya abiria inayopita juu, ikiunganisha upande wa kusini na wa kaskazini. Mzee hawezi kuachwa atembee humo. Nilikuwa nimeomba kiti cha magurudumu siku ile ile niliyokata tikiti, na huduma hiyo hailipiwi, lakini huombwa mapema ili jina la abiria liwe limeandikwa kabla hajafika. Tafadhali msione haya kuliomba hili kwa ajili ya wazazi wenu. Nimewaona wazee wengi wakijikaza kisabuni kwa sababu watoto wao walidhani kiti hicho ni cha wagonjwa tu.

Mama alipofika chini ya lile sanamu kubwa la dubu wa manjano, lenye urefu wa mita 7 hivi na taa iliyomwotea kichwani, alilitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Ni kazi ya msanii Urs Fischer, na imetengenezwa kwa shaba nyeusi ikapakwa rangi, ijapokuwa kwa macho utadhani ni kitambaa. Mimi nalithamini kwa sababu moja ya manufaa: halipotei machoni. Mkiwa kundi, wekeaneni ahadi ya kukutana hapo.

Kilichonipendeza zaidi ni vyumba vya utulivu, ambamo wanawake wana chumba chao na wanaume chao, vikiwa na viti vya kulalia na mwanga hafifu. Kwa mama yangu, ambaye hawezi kunyoosha mwili mbele ya wanaume asiowajua, chumba hicho kilikuwa tofauti baina ya kupumzika na kukesha. Viti ni vya aliyetangulia, kwa hiyo nendeni huko kwanza na muyaache maduka baadaye. Mume na mke, au mama na mwanawe wa kiume, watatengana, na hilo lizungumzwe mapema ili mzee asijikute peke yake bila simu. Chukueni leso mbili katika mkoba wa mkononi, moja ya kujifunika na moja ya kutandika, maana viyoyozi vya viwanja vikubwa huwa na baridi kali kwa mtu aliyezoea joto la pwani. Vyumba vya swala viko katika sehemu mbalimbali za jengo, na msafiri anajua ruhusa aliyopewa ya kukusanya na kupunguza, hivyo usiku wetu ulijipanga wenyewe kwa swala na usingizi. Alfajiri tulikwenda hadi kwenye bustani ya ndani iitwayo The Orchard, iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye miti zaidi ya 300 chini ya paa la kioo. Mama alikaa hapo kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Hoteli iliyomo ndani ya eneo la abiria wanaobadilisha ndege, pamoja na bwawa la kuogelea, zipo kwa mwenye fedha, nami sikuzitumia, kwa hiyo sizihukumu. Maduka nayapita kwa neno moja: si ya msafiri anayehesabu shilingi.

Kuna mambo mawili ya bahati kwa msafiri wa Kenya ambayo sijasikia yakitajwa sana. Kwanza, saa ya Qatar ni sawa na yetu, saa 3 mbele ya Greenwich, kwa hiyo hakuna haja ya kugusa saa ya mkononi. Pili, soketi za umeme nchini humo ni za pini tatu bapa kama zetu, na chaja ya nyumbani inaingia bila kiunganishi. Hatari iko kwenye ubao wa safari. Ubao hausomi saa za Kiswahili. Ndege iliyoandikwa 01:30 inaondoka saa saba na nusu za usiku, na la kuangaliwa zaidi ni tarehe, kwa sababu baada ya saa sita za usiku tarehe imekwisha kubadilika. Tikiti ikisema tarehe 15, saa 01:30, wewe unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Watu wamekosa safari zao kwa kosa hilo moja. Kumbukeni pia kwamba mlango wa kupandia hufungwa kabla ya saa ya kuruka iliyoandikwa.

Sasa nije kwenye zile saa kumi na nne, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Nilitua saa kumi na mbili asubuhi, na ndege yangu ya Nairobi ilikuwa saa mbili usiku. Kukaa ndani muda wote huo ningeweza, lakini nilikuwa nimekwisha kupata viza kabla ya kuondoka nyumbani, nikatoka kwenda mjini. Jambo la viza nalisisitiza kwa uzito wote: masharti hutofautiana kwa pasipoti na hubadilika, kwa hiyo yathibitisheni kwa mamlaka za Qatar zenyewe kabla ya kununua tikiti, msiyasikie kwa jirani wala kwangu. Hakikisheni vilevile kwamba mizigo mikubwa imeandikiwa kufika mwisho wa safari. Zisomeni zile herufi tatu kwenye lebo ya begi, na kama si za uwanja mnaokwenda, ulizeni palepale kaunta.

Kutoka uwanjani kuna metro, yaani treni ya mjini, ya njia nyekundu, na nauli ya daraja la kawaida ni riyali 2 kwa safari, ambapo dola moja ya Marekani ni riyali 3.64. Metro hiyo ina sehemu ya familia ambamo mwanamke aliye peke yake anakaa kwa raha. Nilishuka kituo cha Msheireb, nikabadilisha kwenda njia ya dhahabu, na kituo kinachofuata ni Souq Waqif, penye soko la jina hilo. Siku ya Ijumaa metro huchelewa kuanza, kwa hiyo anayefika asubuhi ya Ijumaa apange kwa namna nyingine.

Nawaambia ukweli, nilipoingia katika soko lile nilihisi kana kwamba mtu amenichukulia Lamu akaipanua. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni nene, viungo vimerundikwa magunia wazi, na wapagazi wazee waliovaa vizibao husukuma matoroli yao wakiomba njia kama hamali wetu wanavyoomba njia kwa ajili ya punda. Chai ya maziwa yenye iliki, waiitayo karak, nilikunywa vikombe viwili. Wenye maduka wengi hufunga adhuhuri na kurejea alasiri, basi mtu asiende hapo saa saba za mchana akasema mji umelala. Saa hizo nilizitumia katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, jengo la msanifu I. M. Pei lililofunguliwa mwaka 2008 juu ya kisiwa kilichotengenezwa kando ya bahari. Karibu yake majahazi yametia nanga. Nilisimama nikayatazama matanga yaliyokunjwa na nikawaza jinsi wazee wetu walivyongoja kusi kwa miezi ili wafike, na kaskazi ili warudi, ilhali mimi nilikuwa nikihesabu saa. Kati ya Mei na Septemba, hata hivyo, matembezi ya nje mchana siyashauri, kwa kuwa joto hupita nyuzi 40, na makumbusho peke yake yanatosha.

Saa kumi jioni nilikuwa nimerudi uwanjani, saa nne kamili kabla ya kuruka. Wengine wataona ni mapema mno. Mimi hesabu yangu huanzia mwisho: natoa saa moja ya uhamiaji na ukaguzi, natoa saa moja ya njia, natoa tena saa moja ya jambo nisilolijua, na kinachobaki ndicho changu. Kwa hesabu hiyo, anayengoja chini ya saa nane asitoke. Abaki ndani alale. Na kwenye ukaguzi msibebe mkononi achari, asali wala mafuta ya nazi katika chupa inayozidi mililita 100. Katika safari ya miaka ya nyuma, kwenye uwanja mwingine, nilinyang'anywa mtungi wa achari ya embe ambayo mama alikuwa ameianika juani kwa siku nne, na hadi leo sijamwambia.

Kwa hiyo kwa mwenye mzazi na usiku mmoja, Hamad naupa alama tisa kwa kumi, na ile moja naizuia kwa sababu ya kutengana kwa familia katika vyumba vya utulivu. Kwa aliye peke yake, mwenye viza na mchana mzima, naipa tikiti ile rahisi alama zote. Kwa anayengoja saa kumi na nne bila viza, ongezeni fedha kidogo mkate tikiti ya kungoja saa nne.