LG 27GL850: ile "1 ms" ya kwenye boksi ina maana gani hasa

LG ilipotoa monita ya UltraGear 27GL850 mwaka 2019, iliinadi kuwa ya kwanza yenye paneli ya IPS (aina mojawapo ya paneli za fuwele) kufikisha muda wa mwitikio wa milisekunde 1. Ni ya inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, Hz 144, yaani hubadili picha mara 144 kwa sekunde. Namba hiyo si ya uongo. Lakini anayeinunua kwa sababu ya hiyo 1 peke yake analipia kitu ambacho hatakitumia, kwa kuwa mpangilio unaoizaa ndio mbaya kuliko yote iliyomo ndani ya monita hii.

Muda wa mwitikio ni muda ambao pikseli huchukua kutoka rangi moja kwenda nyingine. Watengenezaji hupima kutoka kijivu kimoja hadi kijivu kingine, na kipimo hicho ndicho kinachoandikwa GtG (gray to gray). Kwa kawaida saa huanza kuhesabu pikseli ikiwa imeshapita asilimia 10 ya safari, na husimama inapofika asilimia 90. Mwanzo na mwisho, ambako fuwele za paneli hujikokota, havimo kwenye hesabu. Isitoshe, jozi za vijivu ni nyingi na kila jozi ina kasi yake. Inayotangazwa ni ile iliyotia fora.

Kwenye menyu ya 27GL850, chini ya "Response Time", kuna ngazi nne: Off, Normal, Fast na Faster. Hizi ni ngazi za ovadraivu, yaani msukumo wa ziada wa umeme unaozifanya fuwele zigeuke haraka. Milisekunde 1 inapatikana kwenye Faster, na hapo hapo msukumo unazidi kipimo: pikseli inaipita rangi iliyotakiwa, kisha inarudi nyuma. Anayetazama anaona ukingo mweupe, au wenye rangi isiyokuwepo, ukifuata kila kinachotembea. Huo unakera kuliko ukungu wa kawaida, kwa sababu ukungu hufifisha picha tu, ilhali huu unaongeza kitu ambacho hakimo kwenye picha. Iweke kwenye Fast na uiache hapo.

Je, kwa kushuka ngazi moja unapoteza kitu? Piga hesabu. Kwa Hz 144 kila fremu, yaani kila picha moja, hukaa kwenye skrini milisekunde 6.9. Kinachotakiwa ni pikseli iwe imemaliza kubadilika kabla fremu inayofuata haijafika, na kwenye Fast paneli hii humaliza mabadiliko yake mengi ndani ya muda huo. Kwa Hz 240 nafasi ni milisekunde 4.2 tu, na hapo ndipo paneli nyingi huanza kuachwa nyuma na fremu zake. Kwa Hz 60 una milisekunde 16.7, kwa hiyo anayefanya kazi za ofisi, hesabu za Excel au kuandika barua hana sababu ya kuongeza hata senti ili ashuke kutoka 5 hadi 1. Pesa hiyo aiweke kwenye pikseli zaidi, au kwenye stendi inayopanda na kushuka.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Hata pikseli ingebadilika papo hapo, bado ungeona ukungu, kwa kuwa jicho linafuata kitu mfululizo wakati fremu imesimama pale pale ikisubiri nyingine. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde kwenye Hz 60 huacha ukungu wa upana wa pikseli 16. Kwenye Hz 144 ni karibu 7. Kwenye Hz 240 ni 4. Ndiyo maana OLED (paneli isiyo na fuwele, ambayo kila pikseli huwaka yenyewe) inayotangazwa kwa milisekunde 0.03, ukiilisha picha za Hz 60, bado ina ukungu. Kipimo kinachoitwa MPRT kinahusu ukungu huu, si kasi ya pikseli. Ukiona "1 ms MPRT" kwenye boksi, mara nyingi maana yake ni kwamba taa ya nyuma huzimwa na kuwashwa kila fremu. Mwanga hupungua, na kwa monita nyingi FreeSync, inayoifanya Hz ya monita ifuate idadi ya fremu za gemu, haifanyi kazi kwa wakati huo huo.

Tukitaja FreeSync: gemu likishuka hadi fremu 60 au 70, ovadraivu iliyopangwa kwa Hz 144 huanza kuzidisha msukumo, na kingo zile hurudi. Zikijitokeza kwenye Fast, shuka Normal.

Paneli za VA, aina nyingine ya paneli za fuwele, zina ugonjwa wao: kutoka nyeusi kwenda kijivu cha giza ni pole pole mno, hata kama boksi linasema 1. Samsung Odyssey G7 ya mwaka 2020 ni mojawapo ya chache zilizoukwepa. Kuubaini ni rahisi. Fungua ukurasa wenye mandhari meusi na maandishi ya kijivu, kisha uteremshe haraka. Maandishi yakiacha mkia kama wino uliolowa, ndio huo.

Kabla ya kulipa, hasa kwa mashine iliyotumika, iache iwake nusu saa. Fuwele zikiwa za baridi hugeuka polepole, na asubuhi ya Njombe au Limuru jambo hilo si dogo. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, kisha mipangilio ya kina, uhakikishe imechaguliwa Hz 144. Nyingi huachwa kwenye 60 bila mwenyewe kujua. Tumia waya wa DisplayPort. Fungua testufo.com, tovuti ya kupima ukungu wa mwendo, fuata kwa macho kile chombo cha angani kinachopita kwenye skrini, na ubadilishe ngazi za menyu moja moja. Usihukumu kwa picha ya simu iliyoshikwa bila kusogezwa: kamera iliyosimama haioni anachoona mtu anayefuatisha mwendo. Mkia wa giza nyuma ya chombo ni pikseli zilizochelewa. Ukingo mweupe ni ovadraivu iliyozidi. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua menyu, mwachie monita yake.