Kozi ya kupima visima: kwanza uliza nani ananunua dizeli

Kozi yangu ya kwanza ya kupima visima niliisomea hotelini. Siku tatu, chai ya saa nne na sambusa, cheti chenye muhuri wa kung'aa, na kisima hatukukiona hata kimoja. Miezi michache baadaye nikatumwa kijijini kusimamia jaribio la kisima kirefu. Mkandarasi akanikabidhi fomu iliyokwisha kujazwa, kila kipimo kinaishia na sifuri au tano kama kilichobuniwa mezani, maji yameshuka kwa mpangilio kama ngazi za ghorofa. Nikasaini. Kiangazi cha pili pampu ikaanza kuvuta hewa.

Tangu hapo, mtu akitaka ushauri wa kozi namwambia aulize jambo moja kabla ya ada: dizeli ananunua nani? Jaribio la kusukuma maji kwa kiwango kimoja huchukua saa 24, wakati mwingine 72, na jenereta haiendeshwi kwa projekta. Kozi isiyo na bajeti ya mafuta haina jaribio, ratiba iseme inavyosema. Kwa kipimo hicho nazipanga hivi.

Nafasi ya kwanza: chuo cha serikali chenye siku za uwandani. Kwa Tanzania ni Chuo cha Maji, Ubungo, Dar es Salaam. Aliyemaliza shule na ana muda, kuna stashahada ya haidrojiolojia na uchimbaji wa visima. Aliye kazini aulizie kozi fupi. Kwa Kenya nenda KEWI, yaani Taasisi ya Maji ya Kenya, South C, Nairobi. Jina la chuo lisikutoshe lakini: omba ratiba kwa maandishi, uhesabu saa za kisimani. Zikiwa chini ya siku moja kamili pamoja na usiku wake, subiri awamu nyingine.

Ukifika kisimani uone nini? Kwanza dipa mkononi mwako wewe, si mwa mkufunzi: utepe wenye alama za sentimita, kichwa chake kikigusa maji kinalia. Unapima kina cha maji yakiwa yametulia, pampu haijawashwa. Ikiwashwa, unasoma kila dakika kwa dakika kumi za mwanzo, kisha unaanza kuachanisha vipimo. Mwenzako yuko kwenye bomba na ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 8, hiyo ni lita 2.5 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 9 kwa saa. Kiwango hicho kikiyumba, namba zako zote zinayumba nacho.

Halafu pampu inazimwa, na hapo ndipo kozi nyingi hukunja turubai na kupanda gari. Ni kosa. Maji yanapopanda kurudi mahali pake ndiyo yanatoa vipimo safi kuliko vyote, kwa kuwa hakuna tena pampu ya kuyatikisa. Mkufunzi anayekaa na tochi saa nane za usiku kusoma maji yanavyorudi, huyo mlipe.

Mjaribu pia kwa swali. Mwambie: kisima kinatoa mita za ujazo 9 kwa saa, maji yameshuka mita 13, je, ni kizuri? Akijibu ndiyo au hapana papo hapo, hesabu pesa zako. Mjuzi atagawa, apate kama mita za ujazo 0.69 kwa saa kwa kila mita ya mshuko, kisha atakuuliza yeye: pampu iko kina gani, filta, yaani mabomba yenye matundu ya kuingizia maji, zimeanzia wapi, na maji yalikuwa bado yanashuka mlipozima?

Nafasi ya pili: kujishikiza kwa timu ya kazi. Hapa hakuna cheti, ila saa za kisimani utazipata hadi uzichoke. Bodi za maji za mabonde, ambazo kwa Tanzania bara ni 9, ndizo zenye kazi ya kufuatilia maji chini ya ardhi, na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo huko hujifunza subira. Kwenye visima vya Makutupora, karibu na Dodoma, vipimo vya kina cha maji vimeandikwa tangu miaka ya 1950. Rekodi hiyo ndefu ndiyo iliyoonyesha kwamba maji ya pale hujazwa zaidi na miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, kuliko mvua za kila mwaka. Timu za uchimbaji nazo hufundisha, ila hufundisha na tabia zao, ikiwemo ile ya kubuni vipimo vya sifuri na tano.

Nafasi ya tatu: kozi za bure mtandaoni. Tazama RWSN, mtandao wa maji vijijini, na Cap-Net, mtandao wa mafunzo ya maji, ambazo zimewahi kuendesha pamoja kozi ya usimamizi wa uchimbaji wa visima. Gharama ni bando na Kiingereza. Nadharia ya Theis ya 1935, ya kukokotoa maji yanavyoshuka kisima kikisukumwa, na njia yake ya mkato ya Cooper na Jacob ya 1946 zisome huku kabla ya kwenda uwandani, usije ukapoteza siku za vitendo ukiuliza maana ya logi (logarithmu).

Nafasi ya nne: IHE Delft, taasisi ya elimu ya maji, Uholanzi. Elimu nzuri sana, ukiwa na mfadhili. Kwa fundi wa jumuiya ya watumia maji ni kununua lori kubeba gunia moja.

Ya mwisho: semina ya hotelini. Nimeshasema.

Kama kazi yako ni ufuatiliaji wa miaka na si jaribio la siku moja, ongeza sharti: wafundishe kinasa data, kifaa kinachozamishwa kisimani na kujiandikia kina cha maji chenyewe. Kile kisicho na mrija wa hewa hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Usipoweka kingine nje ya maji ili kutoa kipimo cha hewa, utaona kisima kinapanda na kushuka sentimita mbili tatu mara mbili kwa siku, uandike ripoti nzima kuhusu kisima kumbe ni hewa.