Hela ya muvi moja tu wikendi hii, uchukue ya nani?

Wengi tukitaka kununua muvi tunaangalia kava, tukiona jamaa kajaza kifua kashika bunduki tunalipa, nusu saa baadae ushasinzia. Mimi naangalia vitu viwili tu, huyu mwigizaji anaweza kuwa watu wangapi tofauti, na mwili wake unaniambia nini kabla hajafungua mdomo. Misuli ni mambo ya jim, siihesabu.

1. Denzel Washington. Anza na Training Day (2001), ndio ilimpa Oscar ya mwigizaji bora. Ile sini ya mgahawani mwanzoni kakaa zake anasoma gazeti, kijana wa watu mbele yake anahangaika kupiga stori na yeye wala hana haraka, na wewe huku kwenye kochi unaanza kumuogopa jamani, hajafanya kitu bado! Halafu chukua Fences (2016), humo ni mzoa taka aliyewahi kucheza besiboli, mwili ni uleule ila sasa umechoka, una uchungu wa miaka.

2. Lupita Nyong'o. Simuweki hapa kwa sababu ni Mkenya, namuweka kwa sababu ya Us (2019) ambapo anacheza watu wawili, mama wa familia na yule anayefanana nae anayekuja usiku, yule wa pili mgongo umenyooka kama kafungiwa ubao, sauti inakwaruza utadhani koo limekauka miaka. Sura moja, ila huwezi kuwachanganya hata sekunde moja.

3. Viola Davis. Doubt (2008) ana sini moja tu kubwa, anatembea anaongea na Meryl Streep, ikatosha kumfikisha kwenye orodha ya Oscar. The Woman King (2022) anaongoza jeshi la wanawake wa Dahomey, ufalme wa zamani wa Afrika Magharibi, na alikuwa kashavuka miaka 55, nguvu yake unaiamini kabisa.

4. Tom Hardy. Locke (2013), muvi nzima yuko ndani ya gari anaongea na simu, na hauboreki.

5. Christian Bale. Najua mtanuna. Kupungua karibu kilo 28 kwa ajili ya The Machinist (2004) kisha mwaka unaofuata ni Batman kajaa, ni kazi ngumu sana na namheshimu, ila watu wanasifia mizani wanasahau uigizaji. Mchukue kwenye The Fighter (2010), hapo utamuona mwenyewe.

Kuhusu malipo, kwenye app nyingi ukikodi unapewa siku 30 za kuianza na saa 48 za kuimaliza ukishabonyeza, kwahiyo usiibonyeze Ijumaa kama Jumamosi una harusi. Locke kodi tu inatosha. Ya kununua kabisa ni Us, maana ukishajua mwisho wake unairudia, na pale ufukweni yule mama anaposema kupiga stori kunampa shida, unamwangalia kwa macho mengine kabisa.