Golden Bantam: mbegu ya mahindi matamu kwa wanaolima Uingereza

Mkulima aliyezoea kutia punje mbili katika kila shimo mara tu mvua za masika zinapolowesha ardhi hujikuta mgeni anapotaka kupanda mahindi Uingereza, kwa sababu huku mvua haikosekani na kinachoamua siku ya kupanda ni joto la udongo. Ninalima kipande kidogo cha kukodi kusini mwa nchi hiyo. Kati ya aina za mahindi matamu nilizokwisha kuziotesha, Golden Bantam ndiyo ninayoinunua tena, na ninaona inastahili kuelezwa kwa kirefu kwa Waswahili wenzangu wenye bustani ughaibuni.

Aina hii iliingia sokoni mwaka 1902 kupitia kampuni ya Burpee ya Marekani, wakati ambapo walaji wengi wa huko waliyaona mahindi ya manjano kuwa chakula cha mifugo na kuyaweka mezani meupe peke yake. Wakenya wanaokumbuka mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka nje wakati wa ukame wa 1984 wataelewa dharau hiyo ilivyokuwa. Hata hivyo, yale yalikuwa mahindi makavu ya kusaga, ilhali haya huliwa yakiwa mabichi, na utamu wake ndio uliobadilisha mawazo ya Wamarekani kuhusu rangi.

Pakiti niliyonunua ilieleza kwa usahihi kina cha kupanda, yaani takriban sentimita mbili na nusu, lakini maelezo yake kuhusu wakati yalikuwa hafifu mno: yalitaja miezi tu, bila kusema neno lolote kuhusu joto. Punje ya mahindi haiwezi kuota vizuri katika udongo ulio chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hukaa humo ikivuta maji na kuoza, au hufukuliwa na panya kabla haijatoa mzizi. Ndani ya nyumba, mahali penye nyuzi 20 au zaidi kidogo, punje hizi hizi zilichipua katika muda wa wiki moja hivi, na ni chache sana zilizokataa kuota. Ninazipanda katika nusu ya pili ya Aprili, kila moja katika kikopo chake chenye kina, kwa kuwa mizizi ya mahindi hushuka haraka na haipendi kusumbuliwa. Trei pana inayolazimu miche itenganishwe kwa kuvutwa haifai kabisa kwa zao hili.

Kuhusu kuhamishia miche nje, ningependa msomaji awe na subira kuliko pakiti inavyomruhusu. Mche wenye urefu wa sentimita nane hadi kumi, ambao haujaanza kuzungusha mizizi chini ya kikopo, ndio ulio tayari. Ukiachwa humo hadi uwe mrefu na wa manjano, hudumaa hata ukipewa ardhi nzuri. Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho: mtu atambue kwanza ni lini hatari ya sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, huisha anapoishi, ambayo kusini huwa karibu na mwisho wa Mei na kaskazini huweza kufika katikati ya Juni, kisha arudi nyuma wiki nne na kupanda mbegu zake hapo. Kabla ya kuhamishwa, miche itolewe nje mchana na kurudishwa ndani usiku kwa muda wa siku saba hadi kumi, ili majani yazoee upepo na jua. Baridi isiyofikia sakitu haiui mche, lakini huusimamisha kwa majuma, na mche uliopandwa nje baadaye katika udongo wenye joto huupita.

Kosa ninaloliona sana katika bustani za jirani ni kupanda mstari mmoja mrefu kando ya uzio. Chavua hutoka kwenye mbelewele juu ya mmea na kubebwa na upepo, na kila unywele wa gunzi hutengeneza punje moja tu, hivyo unywele usiopata chavua huacha pengo. Mimea ipangwe kwa umbo la mraba, kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande. Golden Bantam hutoa machipukizi pembeni mwa shina. Hayana madhara, yaachwe.

Ladha ndiyo sababu ya kuilima. Magunzi ni membamba, lakini gunzi lililochumwa nywele zikiwa za kahawia, na punje zikitoa maji ya rangi ya maziwa zinapobonyezwa kwa ukucha, lina utamu pamoja na harufu halisi ya hindi, jambo ambalo aina mpya zenye sukari nyingi mara nyingi hazina. Udhaifu wake ni kwamba sukari hugeuka wanga upesi baada ya kuvunwa, hivyo asiyeweza kula siku hiyo hiyo atafute mbegu chotara za kisasa. Tena isipandwe jirani na zile chotara zenye sukari nyingi zaidi, kwa maana zikichavushana pande zote mbili hutoa punje za wanga.

Wapo wanaoniuliza kwa nini wasipande mbegu ya nyumbani. Mbegu za nyanda za juu za Kenya, kama ile chotara iitwayo H614, huchukua miezi sita au zaidi kukomaa, na mahindi ya tropiki huchelewa zaidi kutoa maua pale siku za kiangazi zinapokuwa ndefu, hivyo baridi huyakuta yakiwa majani matupu. Golden Bantam hukomaa katika takriban siku 80 za joto.

Kwa kuwa si chotara, mbegu yake inaweza kuhifadhiwa, ingawa anayechukua punje za mimea michache mwaka baada ya mwaka ataona zao likidhoofika. Kwa bei ya pakiti, karibu pauni tatu, ninaona ni afadhali kununua, na mnunuzi asome mwaka wa kufungashwa kabla ya kulipa, kwa sababu mbegu ya mahindi matamu hupoteza nguvu ya kuota mapema kuliko mahindi ya kawaida.